Majina ya Jaani

Siku aliyozaliwa, mama mkwe wangu alitupwa jaani. Simtukani, ndivyo ilivyokuwa. Mkunga alimfuta damu, akamweka kwenye ungo mkuukuu, akaenda naye nyuma ya zizi na kumgaragaza mara tatu juu ya samadi ya nyati wa kufugwa, maganda na majivu ya jikoni. Wanawake waliosimama pembeni wakaulizana kwa sauti, "Takataka ya nani hii? Nani anaitaka?" Hakuna aliyeitaka. Ndipo mama mzazi akajibu kutoka mkekani, "Basi nileteeni mimi."

Akapewa jina Pentamma, yaani Mama Jaa. Kwetu jina la namna hiyo hupewa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa. Kifo kikija kuchungulia kikute harufu, kikunje pua, kipite zake. Kabla ya Pentamma mama yake alikuwa amezika wavulana watano.

Kifo kilikunja pua kweli. Nilipoolewa na mwanawe, Obulesu, nilimkuta Pentamma ana miaka hamsini na ushei, amechuchumaa uani na kisu mkononi, anakwangua ngozi ya mbuzi. Sisi ni watu wa vikaragosi. Tunaloweka ngozi, tunaikwangua manyoya na mafuta mpaka iwe nyembamba ya kupitisha mwanga, tunachora, tunatoboa kwa patasi, tunapaka rangi. Jua likizama tunaviweka nyuma ya shuka jeupe mbele ya taa na kusimulia zile tenzi mbili kubwa za kale, ule wa mfalme aliyepelekwa uhamishoni msituni na ule wa binamu waliouana kwa ajili ya kiti cha enzi. Mimi nimezaliwa humo humo. Lakini nasema wazi, harufu ya ngozi iliyolowekwa siku ya tatu sijaizoea mpaka leo. Inakaa kwenye nywele, inakaa kwenye wali, inakaa hata kwenye usingizi. Wiki yangu ya kwanza ya ndoa nilitapika uani mbele ya mama mkwe, nikajua nimeshajiharibia.

Yeye akacheka. "Kinyaa chako kiweke akiba, Eramma," akaniambia. "Hii ni ngozi tu. Iko siku utakutana na kitu cha kukitapikia."

Yeye mwenyewe ngozi haikumtia kinyaa, wala samadi, wala panya aliyekufa ndani ya mtungi. Kilichomshinda kilikuwa kimoja: chakula cha karamu ya wakubwa. Tukialikwa kwenye harusi ya tajiri, tukatandikiwa majani ya mgomba ya kulia chakula nyuma ya jiko na kupakuliwa kilichobaki, yeye alikaa kando, akafungua kitambaa chake, akatoa bonge la ugali wa ulezi na pilipili moja, akala ameupa uwanja mgongo. Watu walimsema. "Katoka jaani, anajifanya malkia." Nami kwa miaka kumi na minane sikujua sababu. Nilidhani ni kiburi, na kwa kuwa nina kiburi changu, tukapatana.

Mwenye shuka, yaani kiongozi wa kikundi, alikuwa Kondappa, mdogo wa marehemu baba mkwe wangu. Mtu mzuri, mtafunaji wa tambuu, mpenda sifa. Yeye aliongea sauti za wanaume wote. Pentamma aliongea sauti za wanawake wote, malkia, vijakazi na majini. Na Kondappa peke yake ndiye aliyefungua macho. Jambo hili lieleweke, maana ndilo lililotugombanisha. Kikaragosi kikikatwa huachwa bila macho. Mpaka hapo ni ngozi, ukitaka unaweza hata kukikalia. Siku ya kukifungua, mwenye shuka huoga, huwasha ubani, hukinong'oneza jina lake sikioni, kisha hutoboa macho kwa patasi ndogo. Kuanzia hapo ni mtu. Hakilazwi chini, hakirukwi, hakikosi ubani siku za ibada, na kikizeeka hupelekwa mtoni kwa heshima zote za maiti. Hata sandukuni wema na wabaya hutengwa kwa kitambaa, wasije wakapigana humo ndani.

Mwaka wa kumi na nane wa ndoa yangu akaja bwana mmoja kutoka mji wa wilaya. Alivaa shati jeupe, na leso alikuwa ameibana puani tangu aliposhuka kwenye pikipiki yake. Akatupa kadi: P. Murthy, Katibu, Kamati ya Tamasha.

"P ni nani?" Obulesu akamwuliza. Mume wangu ni mdadisi, hana dawa.

"P ni P," bwana akajibu ndani ya leso.

Akatueleza alichotaka. Vikundi vinane, kila kimoja kipewe nusu saa, kichague kisa kutoka kwenye tenzi za kale na kukisimulia kwa sura mpya. "Watu wa mjini wamechoka, mzee," akamwambia Kondappa. "Hawataki kukesha wakisomewa nasaba za wafalme. Wapeni kitu kifupi, kipya, chenye moto."

"Moto upi?"

"Moto! Kuungua! Nyumba ya lakiri, kwa mfano. Mnayo?"

"Tunayo," Kondappa akasema, na meno yake mekundu yakaonekana yote.

Bwana Murthy akazungusha macho uani, kwenye ngozi zilizowambwa na mapipa yenye povu. "Hivi mnaishije na uvundo huu?"

"Tunavuta pumzi, bwana," Pentamma akamwambia bila kuacha kukwangua. "Jaribu."

Nyumba ya lakiri kila mtu kwetu anaijua na kila mtu anaipenda. Mimi pia niliipenda, aibu yangu. Ndugu watano, wana wa mfalme, wanajengewa na binamu zao jumba la lakiri, ule utomvu unaoshika moto upesi, na samli na nyasi kavu, ili siku moja liwashwe nao wakiwa ndani. Wanaushtukia mtego, wanachimba njia chini ya sakafu. Kisha mama yao, malkia, anaandaa karamu ya kulisha maskini. Anakuja mwanamke mmoja wa msituni na wanawe watano. Wanakula mpaka wanashindwa kusimama, wanakunywa tembo, wanalala palepale. Ndipo ndugu watano wanaliwasha jumba kwa mikono yao wenyewe, wanapita chini pamoja na mama yao, wanatokea msituni salama. Kesho yake watu wanakuta maiti sita, mama na vijana watano, wanalia wakidhani ni malkia na wanawe. Maadui wanadanganyika. Mashujaa wamepona. Watazamaji wanapiga makofi.

Makofi! Nimeyasikia makofi hayo tangu nikibebwa mgongoni.

Vikaragosi vya ndugu watano tunavyo, vya ngozi ya swala, vya enzi za mababu, na mataji yao yametobolewa kwa ufundi ambao siku hizi haupo tena. Vya yule mwanamke na wanawe hatukuwa navyo. Sijui kikundi chochote kilichokuwa navyo. Ikifika karamu mwenye shuka husema tu, "wakaja, wakala, wakalala." Na zikifika maiti hubandika kwenye shuka vipande sita vya makombo ya ngozi, yale yanayobaki tukishakata mataji ya wengine. Tunayaweka kwenye kopo la biskuti kwa ajili ya kuchemshia gundi.

Siku ya mazoezi tulikuwa sote uani. Kondappa akawaongoza ndugu watano mpaka nje ya njia yao ya chini, akanyoosha mkono bila kugeuka. "Shemeji, vipande."

Pentamma akaleta kopo. Hakumpa vipande sita. Alilimimina lote mkekani, ncha za pinde, pembe za mataji, vipande vya mikia, na uvundo wake pia, maana ya chini yalikuwa yameshaoza.

"Watu wako wapi humu?" akauliza.

"Watu gani?"

"Waliokufa."

"Shemeji, tuna siku kumi na tano tu. Nichagulie sita tuendelee."

"Chagua wewe. Nionyeshe mama yao ni kipi. Hiki? Hiki ni kwato ya farasi."

Obulesu akacheka. Nikamkanyaga mguu.

"Yule bwana kasema anataka sura mpya," Pentamma akaendelea. "Sura mpya ndiyo hiyo. Kisa ni kile kile, moto ni ule ule, simwongezei mtu neno. Nitawakata hao sita wawe watu, na wewe utawafungua macho."

Kondappa akatema tambuu pembeni. "Niwafungue macho walevi? Kikaragosi kikifunguliwa ni mtu, shemeji, unajua. Kinadai ubani mpaka kwa wajukuu zangu. Nianze kuwafukizia walafi sita wa msituni waliokuja kula vya bure?"

"Vya bure," Pentamma akarudia. "Kaka zangu pia walikula vya bure."

Akatusimulia palepale, amesimama, kopo tupu mkononi. Tajiri mmoja alikuwa akimwoza binti yake. Wazazi wa Pentamma walicheza vikaragosi siku tatu mfululizo. Siku ya nne, wageni wameshaondoka, wakaitwa nyuma ya jiko wakapewa kilichobaki: wali wa juzi, dengu zilizotoa povu, ladu, yaani vidonge vitamu vya unga na samli, maziwa ya mgando yaliyogeuka rangi. Mpishi alijua. Mbwa wa nyumba ile walikuwa wameshapewa wakakataa, ndipo kikaitwa sadaka. Wavulana watano walikuwa na njaa ya siku tatu. Walikula kwa vicheko, wakashindana nani amemaliza jani lake kwanza. Mama yao alikuwa na mimba changa. Chakula kilipomfika puani kichefuchefu kikampanda, akakimbilia kwenye mawe akatapika mpaka maji. Hakuonja hata punje. Kufikia keshokutwa yake alikuwa amewazika wote watano kando ya barabara, na tajiri ametuma watu kuwahimiza waondoke upesi, wasije wakamletea maradhi kijijini.

"Mimba ile ni mimi," Pentamma akasema. "Niliona kinyaa nikiwa tumboni. Ndiyo maana nipo."

Nikaona aibu ya kile kicheko cha mume wangu kana kwamba nimecheka mimi.

"Mama yangu kila walipofika kwenye nyumba ya lakiri alitoka nje kwenda kutema mate. Mimi nikimwuliza, ananiambia koo linamwasha. Yote haya alinieleza karibu na kufa. Na mimi nimeongea sauti ya malkia yule miaka arobaini. Miaka arobaini, Kondappa! 'Ishukuriwe miungu, wanangu watano wazima.' Nailegeza sauti, watu wanalia, wanawake wanakuja kunigusa miguu kwa heshima. Kalisha watoto wa mwenzake, kawalewesha, kawachoma, halafu anashukuru! Na ulimi uliomshukuria ni huu wangu. Najitia kinyaa mwenyewe. Ukinipa makombo haya mara nyingine, malkia wako atafute sauti kwingine."

Nadhani Kondappa alitaka kukubali, maana si mtu mbaya. Lakini aliogopa watu watasema kawafukizia ubani maskini wa msituni na kuwaaibisha mashujaa. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, kila kibaya hutupiwa yeye; Kondappa aliutaka ukubwa, jalala akaliachia wengine.

"Sawa," akasema mwishowe. "Lakini macho hayafunguliwi bila jina. Tenzi hazikuwapa majina hao watu. Niwanong'oneze nini sikioni? Wee na wee? Niletee majina sita, nitawafungua. Usipoyaleta, tunatumia vipande, na sauti ya malkia unaiongea wewe."

"Nimekubali."

"Majina ya kaka zako, basi," Obulesu akadakia, akitaka kutubu.

Pentamma akatikisa kichwa. Mama yake hakuyataja kamwe. Kwetu mtoto aliyekufa haitwi, asije akageuka njiani kutaka ziwa la mama. Hapo nikaelewa kwa nini Kondappa aliweka sharti lile. Alijua majina hayapo.

Alibaki mtu mmoja tu wa kuuliza, mama mdogo wa Pentamma, bibi kipofu wa miaka tisini anayeishi kijiji cha tatu kutoka kwetu. Tulikwenda wote wawili. Bibi alifurahi kushikwa mkono.

"Majina?" akasema. "Sikumbuki majina, mwanangu. Lakini karamu naikumbuka, tuliambiwa yote. Ladu zilikuwa za samli halisi! Na zabibu. Kila ladu zabibu mbili." Akalamba midomo. "Nani siku hizi anatia zabibu mbili?"

Mungu anisamehe, nilitaka kumzaba kofi bibi kipofu. Watoto watano chini ya ardhi, na kilichobaki duniani ni zabibu. Pentamma alimpangusa mate kwa ncha ya sari yake, akamshukuru, tukaondoka.

Alianza kuwakata siku ya pili yake. Ngozi nzuri zote Obulesu alikuwa amezichukua kutengenezea vifuniko vya taa za umeme, ndiyo biashara ya siku hizi. Kuna mteja alimwambia kwa fahari kwamba ile miungu iliyochorwa kwenye vifuniko ameitundika chooni. Ikabaki ngozi ya mbuzi mzee aliyekufa peke yake bondeni, ngozi ngumu yenye mabaka, na uvundo wake ulikuwa hausemeki. Tuliikwangua wote wawili. Nilikuwa nimefika katikati ya kazi ndipo nikagundua sijaziba pua.

Mwanamke alimkata mpana, miguu yake imepasuka visigino. Wavulana akawapa vimo mbalimbali, kama vilivyo vidole vya mkono mmoja. Wa mwisho alikuwa na kiganja mdomoni, anakula. Hakuna taji, hakuna vito, na kwa hiyo hakukuwa na matundu ya kupitisha mwanga; ngozi tupu na mabaka yake. Wakakaa ukutani siku nne bila macho, na mimi nilikuwa nikipita nawapa kisogo.

Asubuhi ya tamasha Kondappa alioga, akawasha ubani, akaweka nazi na manjano mbele, akashika patasi ndogo. Alikuwa mchangamfu. "Haya shemeji. Majina."

"Kuppanna," Pentamma akasema. "Tippanna. Pentayya. Pullayya. Pichayya."

Uchangamfu ukamtoka. Majina hayo yote tunayajua: wa lundo, wa samadi, wa jaa, wa majani ya kulia yaliyotupwa, wa kuombewa sadaka. "Hayo ni majina ya jaani, shemeji."

"Ndiyo. Mimi nilipewa langu nikapona. Wao hawakupewa, wakafa. Kifo kiliwaona wazuri. Moto ukija leo uwanuse kwanza."

"Na mama yao?"

"Mpe langu. Sina jingine, na limeshafanya kazi."

Kondappa akainama akayanong'oneza, moja baada ya jingine, kwenye masikio yale ya mbuzi mzee. Patasi ikagonga mara kumi na mbili. Nilisogea mlangoni, kwa sababu sasa walikuwa wananiangalia.

Tulifika mjini mchana. Kamati ilikuwa imepika. Wageni wa heshima walikula kwanza kwenye meza, na walipokwisha, vikundi vikaitwa nyuma ya mahema. Mtu mmoja mwembamba alikuwa akipita na kapu anaokota majani ya kulia yaliyokwisha kutumika, mchuzi unamchuruzika mpaka viwiko. Hatua mbili kutoka hapo tukatandikiwa majani yetu. Wali ulikuwa baridi, umeshikana na chembe za wali wa mtu mwingine. Kwenye dengu zangu kulikuwa na kipande cha chapati kilichoumwa, alama za meno zinaonekana. Bwana Murthy alipita na leso yake akasema, "Kuleni, kuleni, msione haya, kimebaki tele!"

Na mimi nilikuwa nimekula chakula hicho miaka yote. Nilisimama nikaenda kukaa karibu na mama mkwe. Alifungua kitambaa, na nikaona amefunga mabonge ya ulezi ya kututosha wote. Obulesu alikuja, Kondappa naye akaja, na mikono yao waliyokuwa wameshaiosha kwa ajili ya wali.

Jioni tukafunga shuka. Mbele kabisa viti, na kwenye kiti cha katikati bibi mmoja mzee wa hariri na miwani, ambaye Bwana Murthy alikuwa akimnyooshea mto na kumletea maji kila dakika; mama yake. Nyuma ya viti, watu wa kawaida wamejaa chini mpaka ukutani, na yule mwokota majani ameegemea nguzo na kapu lake.

Kondappa alianza. Jumba la lakiri likang'aa, watu wakasema aah. Ikaja karamu, na kwa mara ya kwanza yule mwanamke aliingia kwenye shuka, mweusi, mzito, na wanawe nyuma yake. Pentamma aliongea sauti zao zote sita vizuri, hata za wavulana. Wakatania, wakasukumana, yule mdogo akaomba ladu ya pili. Watu walicheka, wakawapenda. Kisha ikabidi walale, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwani kikaragosi chenye macho hakilazwi. Kondappa akawabandika kwa miiba, wamesimama, macho wazi, wanatazama watu.

Ndugu watano wakawasha. Nikatupa unga wa utomvu mkavu kwenye taa, moto ukaruka mpaka juu ya shuka, na watu wakapiga makofi, wa kwenye viti kuliko wote. Mashujaa wakatokea upande wa pili. Ikafika zamu ya malkia.

"Ishukuriwe miungu," Pentamma akasema kwa sauti ile tamu ya miaka arobaini, "wanangu watano wazima."

Kwenye shuka wale sita walikuwa bado wamesimama ndani ya moto. Kisha mama mkwe wangu akaita, na haikuwa sauti ya malkia wala ya jini. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayewaita wanawe waje nyumbani.

"Kuppanna! Kuppanna wee!"

"Naam, mama!" mzee mmoja akaitika kutoka kwa waliokaa chini, kwa mazoea tu.

Watu wakaangua kicheko. Mzee mwenyewe akacheka, akajifunika uso.

"Tippanna!"

"Nipo!" sauti nyingine, ukutani. Kicheko kikapungua.

"Pentayya!"

Wakaitika watatu kwa pamoja, kutoka pande tatu. Hakuna aliyecheka. Kati ya watu wale wa chini, kila ukoo una mtu wa jaani, na kila mmoja alikuwa anajua amezaliwa baada ya nani.

"Pullayya!"

Mwokota majani akaliweka kapu chini. "Naam," akasema.

"Pichayya!"

Kimya.

"Pichayya wee! Baba, uko wapi?"

Kimya tena. Kisha kutoka kwenye viti ikatoka sauti kali ya kizee: "Wee Pichayya! Umeziba masikio? Unaitwa!"

Nilichungulia pembeni ya shuka. Bibi wa hariri alikuwa anampiga Bwana Murthy begani kwa kipepeo chake cha kujipepea.

"Mama, ni mchezo," akamnong'oneza, na mji mzima ulimsikia. "Si mimi."

"Ni wewe. Nimezika watatu kabla yako, nikazunguka milango ya watu na bakuli kukuombea sadaka. Itika!"

Alisimama. Leso ilikuwa mkononi, imening'inia, na uvundo wa mbuzi wetu mzee kwa joto la taa ulikuwa unawafikia wa viti vya mbele wote.

"Naam," akasema.

Pentamma aliweka kiganja chake juu ya yule mwanamke mpana wa ngozi, akausogeza mdomo karibu na shuka.

"Haya, tokeni humo, wanangu," akasema. "Chakula chao msile."

Hakuna aliyepiga makofi. Kondappa akazima taa.